Mafuta ya Mama Shiru

Mama Shiru amekufa, na chupa yake ya mafuta bado imejaa nusu. Ndicho kitu cha kwanza nilichoona wiki iliyopita nilipoingia kwa binti yake Ilford, kwenye matanga. Watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye ngazi, vikombe vya chai vinapita juu ya vichwa, hewa imekwisha kabisa ikabidi tupumue kwa zamu. Na pale juu ya friji, kati ya pakiti ya unga na redio, chupa imesimama kama askari ambaye hajaambiwa vita viliisha, na kile kitambaa cheupe kimefungwa shingoni mwake. Nikacheka. Mwanamke mmoja mwenye kofia nyeusi akanigeukia na jicho la kuua nyoka, kwa sababu tulikuwa katikati ya maombi. Nikajifanya nakohoa. Lakini Mama Shiru mwenyewe angekuwepo angecheka kunishinda, maana yeye na mimi tulijua vizuri ile chupa ilifanya nini mwaka wangu wa kwanza London, na kwa nini ina kitambaa shingoni.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita mwaka ule, nina nguvu za punda na akili za ndama. Shule tuliachana darasa la saba bila ugomvi, kila mtu akashika njia yake. Nilishuka kwenye ndege mwezi wa pili, na kuhusu hiyo baridi sitasema mengi, nitasema tu kwamba nilianika soksi nje asubuhi na jioni nikazikuta zimesimama zenyewe kama zinangoja basi. Nilipata chumba Edmonton, kwenye nyumba ya kupanga ambayo Mama Shiru ndiye alikuwa kama nahodha wake. Tulikuwa watu sita, birika moja. Chumba changu kilikuwa kidogo hivi kwamba nikitaka kugeuka kitandani ilibidi nifungue mlango kwanza. Lakini jikoni! Hiyo jikoni ndiyo ilinilea. Jumamosi kulikuwa na ugali na mboga fulani za Kizungu zinazojifanya sukuma wiki, na kila asubuhi kabla watu hawajaenda shifti, Mama Shiru alitupanga mstari mbele ya jiko, akatupaka mafuta kwenye paji la uso, mmoja mmoja, kama mtu anayepiga muhuri barua. Alikuwa mtu wa Murang'a, mkubwa wa mwili, kazi yake kutunza wagonjwa kwenye nyumba ya wazee. Sauti yake akiomba, birika lilikuwa linachemka bila umeme.

Mafuta yenyewe yalikuwa ya zeituni, yametoka dukani kwa Mturuki pale kona. Jumapili ya kwanza ya mwezi tuliyabeba mpaka kanisani kwetu Lewisham, treni mbili na basi, tukayaweka mbele na chupa za watu wengine wote, pasta akayaombea. Baadaye ilikuwa vita kujua chupa ya nani ni ipi. Kuna ndugu mmoja alibeba chupa isiyo yake, akajipaka mwezi mzima, akasema anajisikia amechangamka sana rohoni, mpaka mke wake alipoijaribu akagundua ni siki. Mama Shiru alipaka kila kitu. Alipaka milango, birika, tikiti za basi, viatu vya kwenda intavyuu. Fomu zote zilizotoka nyumba ile kwenda serikalini ungeweza kuzishika juu ya taa ukaona mtu upande wa pili. Mimi leo ni mzee, nimesikia watu wakicheka mambo hayo, na mimi nacheka nao. Lakini nataka kusema kitu kimoja: watu wale walikuwa mbali na kwao, hawana mjomba hapa, hawana chifu, hawana wakili. Kila mlango waliopitia ulikuwa wa mtu mwingine. Ukiweza kuweka alama yako mlangoni kabla hujaingia, unaingia umenyooka.

Na mimi nilikuwa naogopa, hilo nilisahau kusema. Kibali changu kilikuwa kimefungwa kwenye kazi moja tu, kutunza wazee manyumbani. Siku ya kwanza ofisini, manija wetu, mama mmoja mwembamba anaitwa Denise, alitukalisha akasema, "Kwenye kazi hii kuna neno moja tu: kuanguka. Mzee asianguke mikononi mwako." Halafu wenzangu wakanisimulia, wakati wa chai, habari za kaka mmoja aliyekuwa hapo kabla yangu. Alifanya uzembe mteja wake akaanguka, akafutwa kazi, na kazi ilipokwenda kibali nacho kikaenda, mwezi haukuisha alikuwa uwanja wa ndege na sanduku lake. Nilisikia habari hiyo, nikarudisha kikombe mezani, nadhani chai ile bado iko pale.

Mteja wangu alikuwa Mista Walter. Miaka themanini na saba, dereva wa treni mstaafu, flati ya ghorofa ya pili, pua ndefu hivi kwamba akiingia sebuleni pua ilifika mapema ikapata kiti. Miguu ilikuwa imemchoka. Alitembea kwa fremu ya chuma, na bafuni kulikuwa na chuma kingine ukutani, cha kushikilia. Nyumba yake ilinukia mkate wa kuchoma na tumbaku ambayo alisema ameacha. Hakuwa mtu wa Mungu. Siku aliponiona nimefunga macho kabla ya kula sandwichi yangu, aliweka kijiko chini akangoja mpaka nikamaliza.

"Umeniombea na mimi?" akauliza.

"Nimekuombea, Mista Walter."

"Basi mwambie huyo bwana goti la kulia tunashukuru. La kushoto bado."

Ikawa ndiyo salamu yetu. Kila siku nikifungua mlango, yeye kutoka kwenye kochi: "La kushoto bado!" Nilimpikia chapati siku moja, akaigeuza huku na huku, akauliza kama ni ya kula au ya kufutia miguu mlangoni, halafu akala nne na kuniuliza kwa nini nimepika chache. Nilimpenda yule mzee. Nasema hivyo kwa sababu bila hilo hamtaelewa upumbavu nilioufanya.

Karibu na mwezi wa tano alianza kuyumba. Mara mbili nilimdaka akiwa anaelekea chini, na usingizi ukanitoka. Nikimwona Mista Walter anainuka, mimi naona ndege ya kurudi kwetu. Nikamwambia Mama Shiru, tukiwa jikoni anakata vitunguu. Alisikiliza, akafuta mikono, akaniletea chupa.

"Kyalo, sikiliza. Paka kila mahali mguu wake unapopita na mkono wake unaposhika. Usimwachie adui hata nafasi ya kidole."

"Halafu nafuta?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Utafuta baraka?"

Jumamosi ile, baada ya chakula cha mchana, Mista Walter akasinzia mbele ya mashindano ya farasi. Mimi nikatoa chupa. Nikapaka miimo ya mlango, nikapaka mikono ya kiti, nikaomba kwa sauti ya chini. Nikaingia bafuni. Kwa watu wengine tone moja linatosha, lakini mimi nilikuwa na hofu ya mapipa, na hofu ya mapipa haitoshelezwi na tone. Kile chuma nilikipaka kuanzia juu mpaka chini kama mtu anayepaka siagi mkate wa wageni. Nikasema amina. Nikaenda jikoni kupasha supu, na kwa mara ya kwanza kwa miezi mitatu nikajisikia mwepesi, nikawa naimba.

Nikasikia mshindo kama kabati la vikombe limelala chini.

Mista Walter alikuwa ameamka akaenda bafuni mwenyewe; nilimkuta ameketi kati ya bafu na kikapu cha nguo chafu, juu ya taulo, miguu imenyooka kama ya mtoto, mkono wa kulia umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Uso mweupe kuliko ukuta. Nilivuta ile kamba nyekundu ya dharura, sauti ikaongea kutoka ukutani, ikasema ambulensi inakuja. Nikapiga magoti, nikamshika kichwa. Mista Walter akainua ule mkono mzima karibu na pua yake, na pua ile, mnajua, haikosei.

"Kijana," akasema, "kwa nini mkono wangu unanuka saladi?"

Nikamwambia ambulensi iko njiani. Watu wa ambulensi wakaja, wakambeba kwa upole, wakanambia nimfungie nyumba. Na mlango ulipofungwa nikabaki peke yangu na kile chuma. Ningeweza kukiacha vile. Nilichukua taulo nikafuta. Nilifuta mpaka kikang'aa kama meno ya pasta, nikafuta miimo, nikafuta kiti, nikaosha taulo, na chupa nikaitia ndani kabisa ya mfuko wangu chini ya sweta. Denise alifika bado natweta. Akaingia bafuni, akakishika chuma, akakitikisa, akapitisha kiganja.

"Kikavu. Kimekaza," akasema. Akaandika fomu yeye mwenyewe. "Mteja alipoteza balansi. Ulikuwa jikoni unamtengenezea chakula, ndiyo kazi yako. Hakuna aliyekosea. Weka sahihi hapa." Akanigusa bega. Nikaweka sahihi.

Nyumbani nilisema tu Mista Walter ameanguka, amevunjika kifundo cha mkono na nyonga imevilia damu, lakini ofisi haikunilaumu. Mama Shiru akainua mikono yote miwili, mwiko bado umo katika mmojawapo. "Mnaona! Mnaona mafuta! Adui alikuja, akakuta mlango umepakwa, akapunguziwa nguvu!" Watu wakaimba. Siku hiyo tulipika kuku wa shukrani, nikapewa paja, nikalitafuna kama soksi.

Jumatano nikaenda hospitali kumwona. Alikuwa na plasta mpaka kwenye kiwiko, amekuwa mdogo kitandani, hata pua ilionekana imepungua. Akaniuliza habari za mimea yake ya dirishani. Halafu akasema polepole, bila hasira:

"Kijana, kile chuma kilikuwa na nini?"

"Sijui, Mista Walter."

Akanitazama. Akasema, "Sawa." Akageukia dirisha. Majogoo hakuna katika mji ule, nami nashukuru, maana angewika mmoja wakati ule ningeruka dirishani. Nilisoma kidogo lakini habari ya Petro naijua, na siku zote nilikuwa nimemcheka kwamba aliogopa kijakazi. Mimi nilikuwa nimemwogopa mzee mwenye plasta.

Jumapili, Lewisham, wakati wa shuhuda, Mama Shiru akasimama akasema ndugu yetu Kyalo ana neno la jinsi Bwana alivyomlinda. Makofi. Nikasukumwa mbele, nikapewa maikrofoni. Watu mia tatu wananitazama, au labda sitini, lakini macho yalikuwa mia sita. Nikafungua kinywa. "Bwana asifiwe." "Amen!" "Bwana asifiwe tena." "Amen!" Nikaendelea hivyo, nadhani mara kumi na moja, mpaka pasta akaanza kutazama saa. Nilitaka kusema Mungu amenilinda, na ulimi ukakataa kama punda kwenye daraja. Mwishowe nikaanzisha pambio, mpiga kinanda akanifuata, watu wakacheza, nikarudi kiti changu nimelowa jasho. Nilikuwa salama siku ile kuliko siku yoyote ya mwaka ule. Fomu ilikuwa imesainiwa, kazi ilikuwepo, kibali kilikuwepo. Na sikuwahi kujisikia niko peke yangu duniani kama pale, katikati ya watu wangu wakicheza kwa ajili yangu. Nilikuwa nimekingwa na taulo. Na mtu aliyekingwa na taulo, kazi yake maisha yake yote ni kushikilia taulo.

Nilimwambia kwenye treni ya kurudi. Tulikuwa tumekaa pamoja, yeye na kofia yake ya kanisa, mfuko wenye chupa uko mapajani. Nilimwambia yote, chuma, saladi, taulo, sahihi, "sijui". Kutoka Lewisham mpaka London Bridge Mama Shiru hakusema neno, na anayemjua anajua hilo ni muujiza mkubwa kuliko wote ninaoandika hapa. Treni ilipokuwa inapunguza mwendo, akaniuliza:

"Nilikwambia mahali mkono unaposhika?"

"Ulisema, Mama."

"Nilikwambia usifute?"

"Ulisema."

Akafunga macho. Alipofungua yalikuwa na maji. "Mzee wa watu," akasema. "Mifupa ya themanini na saba. Na sisi tumekula kuku." Akashika chupa ndani ya mfuko kama mtu anayeshika mkono wa mtoto aliyevunja sahani. "Kesho nina shifti. Nitabadilisha. Tutaenda kwa huyo Denise sote wawili."

"Mama, watanirudisha nyumbani."

"Pengine."

Nilishtuka. Yule mama hakuwa na neno "pengine" kinywani. Ukimwambia mvua itanyesha, alikuwa anaikemea. "Pengine watakurudisha," akasema tena. "Lakini Kyalo, kama Mungu anatulinda, atatulinda tukiwa mbele ya meza ya huyo mama. Nyuma ya uwongo hatakaa na sisi. Huko umejificha peke yako."

Kwa hiyo Jumatatu mchana tukaingia ofisini, mimi na suti ya kuazima, yeye na kofia ileile. Akaweka chupa juu ya meza kama wakili anayeleta kisu kilichoua. Nikaeleza. Kiingereza changu kilikuwa na miguu mitatu lakini kilifika. Denise akachukua chupa, akanusa.

"Haya ni mafuta ya kupikia."

"Yalikuwa," akasema Mama Shiru. "Yameombewa."

Denise akatoka, akafunga mlango. Kuta za ofisi ile zilikuwa karatasi tu. Tukamsikia anaongea na mtu kwenye simu. "Hapana, kwenye chuma... Ya zeituni... Kwa sababu ya Mungu... Hapana, sitanii." Halafu sauti kama birika linaanza kuchemka, mtu anajizuia asicheke, anajizuia, anashindwa. Mama Shiru akanikonyeza. Nami nikaanza kutabasamu. Lakini mlango ulipofunguka, uso wa Denise ulikuwa mwekundu na macho yake hayakuwa na mchezo.

"Nisikilizeni nyinyi wawili," akasema. "Yule mzee angeweza kufa. Na wewe ulifuta, ukanitazama usoni, ukasaini."

"Ndiyo," nikasema.

"Umesimamishwa wiki moja. Walio juu yangu wataamua. Usitarajie mema."

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja hospitali, peke yangu. Nikavuta kiti. "Mista Walter, yalikuwa ni mafuta. Nilipaka mimi."

"Najua," akasema. "Nililamba kwenye ambulensi. Mafuta mabaya, ya bei rahisi." Akangoja. "Ulitaka nini?"

"Nilitaka usianguke."

Kwanza hakuelewa. Halafu ikamfikia. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, kitanda kikatetemeka, plasta ikagonga meza, nesi akaja mbio akidhani anakufa. Alipotulia akafuta macho kwa mkono wa kushoto. "Marehemu mke wangu alikuwa akipaka mafuta bawaba za milango, zisilie," akasema. "Toka afe hakuna aliyeweka kitu kwenye nyumba ile kwa ajili yangu." Halafu akanikunjia uso. "Lakini uliniambia 'sijui'. Hiyo iliniuma kuliko mkono." Nikasema nisamehe. Akasema atafikiria. Nikaketi pale mpaka saa ya wageni ikaisha, akifikiria.

Sasa nifike kwenye ile wiki, maana ndiyo sababu ya sura hii yote. Nilipanga sanduku langu. Lilikuwa wazi sakafuni, maana yake hakuna pa kukanyaga tena, nilikuwa naingia kitandani kwa kuruka. Sikuwa na kazi, sikuwa na jibu, kila barua ikianguka mlangoni nilikuwa naisikia mpaka kwenye mifupa. Na nililala. Mimi ambaye sikulala miezi mitatu, nililala kama gunia la viazi, wenzangu walikuja kugonga kujua kama bado napumua. Sikuelewa kwa nini. Halafu asubuhi moja nikamsikia Mama Shiru kupitia ukutani, anaomba kabla ya shifti kama kawaida yake, akitutaja majina. Miezi yote hiyo alipofika kwangu alikuwa anasema, Bwana, mlinde Kyalo na kila baya, adui asimguse, asianguke, asiguswe, na kadhalika, orodha ndefu kama treni ya mizigo. Asubuhi hiyo aliomba maneno machache, na kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. Alisema, "Kaa naye, Bwana. Akibaki, kaa naye. Wakimrudisha, panda ndege naye."

Nilikaa kitandani nikaitazama ile picha. Mungu amefunga mkanda, kiti cha katikati, magoti yamebanwa, kwa ajili yangu. Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikaenda kunywa chai. Nimesikiliza mahubiri mengi toka siku ile, na wasomi wengine wanaeleza ulinzi wa Mungu mpaka unaona kama bima ya gari. Mimi ninachojua ni hicho tu. Nilikuwa nimemwomba anijengee ukuta, nikajenga wa kwangu kwa taulo, na nilipoutoka, nikiwa sina kinga yoyote mbele ya meza ya Denise, kulikuwa na mtu amekaa kiti cha pili na kofia ya kanisa. Na ndani ya huyo mtu alikuwamo yule niliyemwomba. Mkono uliovunjika ulibaki umevunjika. Hofu yenyewe haikwenda mbali, ilikaa palepale kwenye sanduku. Lakini haikuwa na mahali pa kulala tena, maana kitanda kilijaa.

Siku ya nane Denise alipiga simu. Onyo la mwisho, la maandishi. Mafunzo upya kuanzia mwanzo, kama mtoto. Miezi sita nisimguse mteja bila mwenzangu kunisimamia. Lakini kazi niliachiwa. "Kwa sababu ulikuja mwenyewe," akasema, "na kwa sababu mzee wako ameandika barua kwa mkono wa kushoto, kurasa mbili, sijaweza kusoma hata neno moja, lakini imepigiwa mistari sana." Mama Shiru aliposikia hakupiga kelele. Alikwenda chumbani, akarudi na kitambaa cheupe, akakifunga kwenye shingo ya chupa. Toka siku hiyo alipaka tone moja, juu, mahali pasiposhikwa, na akafuta.

Nilirudi kwa Mista Walter majani yakianza kuanguka, mwenzangu wa kunisimamia yuko nyuma yangu. Kifundo kilikuwa kimepona lakini kigumu, hakikuweza tena kufungua mkebe, nami kila mkebe niliomfungulia nilijua kwa nini naufungua. Nilisimama mlangoni na fremu yake, nikamsaidia kuingia bafuni, akasimama mbele ya kile chuma. Akakinusa kwanza. Halafu akanipa mkono.

"Omba unavyotaka," akasema, "lakini mikono mikavu."

Nikaomba nimemshika. Alipofungua macho, na yeye alikuwa ameyafunga, akakohoa akaniambia la kushoto bado. Nilikuwa naye miaka miwili zaidi. Hakuanguka tena. Alikufa kitandani kwake asubuhi ya Jumanne, supu iko jikoni, mkono wake ndani ya wangu, ule wa plasta. Hakuwahi kuniambia anaamini nini, nami sikumsukuma. Nilimwomba yule bwana apande naye.

Matanga ya Ilford yalipoanza kupungua watu, Shiru akanifuata jikoni. Ni mama mzima sasa, amezaliwa hapahapa, Kiswahili anakisikia chote na kujibu kwa Kiingereza. Akachukua chupa juu ya friji akanipa. Akasema mama yake asingekubali watu waondoke bila mlango kupakwa, na yeye hajui inavyofanywa, anko Kyalo amsaidie. Nikavuta kiti nikapanda, magoti yakalia yote mawili, la kulia na la kushoto. Nikaweka tone kwenye kidole gumba, nikapaka juu kabisa ya mlango, nikaomba maneno machache kwa sauti ndogo. Halafu nikafungua kitambaa shingoni mwa chupa, nikapafuta mpaka pakakauka.

"Mbona unafuta, anko?" akauliza, na safari hii kwa Kiswahili.

"Mungu ameshaona," nikamwambia. "Kufuta ni kwa ajili ya wanaopita."